Minyoo Wangu, Kuku na Kikohozi cha Baba Mkwe

Msimu niliopendwa kuliko misimu yote ya maisha yangu ndio msimu niliokuwa nanuka mayai viza. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nanuka kweli: nguo, nywele, mkoba, mpaka chapati nilizobeba asubuhi kwenda nazo kazini zilirudi jioni zina habari za huko zilikotoka. Na mimi mwenyewe sikuwa nasikia chochote. Hapo ndipo ilipo raha yote ya habari hii, na hapo hapo ndipo kila kitu kilipotaka kuharibika.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili Mbeya. Kwetu ni Iringa, upande wa Tosamaganga, lakini nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Soweto, na kazi yangu pale chuoni ilikuwa kuchunga minyoo. Ngoja kwanza, usikunje uso. Si wale wa tumboni. Hawa ni wadogo kiasi kwamba ukiwatazama kwa macho matupu unaona vumbi linalojipindapinda. Wanakaa udongoni, wanakula bakteria, hawana ugomvi na mtu. Maisha yao yote ni wiki mbili tatu, kwa hiyo anayetaka kujua uzee unaingiaje mwilini hana haja ya kungoja miaka. Wiki hii mnyoo ni kijana anachezacheza, wiki ijayo anajikongoja kama mstaafu anayefuatilia mafao.

Sasa, ilishajulikana tayari kwamba minyoo wa namna hii wakikaa kwenye hewa yenye haidrojeni salfaidi kidogo sana wanachelewa kuzeeka, na ukiwapandishia joto wanavumilia kuliko wenzao. Haidrojeni salfaidi ndiyo ile hewa ya yai lililooza. Ikiwa nyingi ni sumu, inamwangusha mtu mzima papo hapo. Ikiwa chembe tu, mnyoo anaipokea, anapata nguvu. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali mwenye kicheko kizuri alichokitoa kwa nadra sana, alitaka tujue kama minyoo tuliowachota kwenye udongo wa huku kwetu nyanda za juu nao wangefanya hivyo. Basi nikawa na masanduku mawili ya kioo. Moja lilipata hewa ya kawaida. Jingine liliunganishwa na mtungi, likipokea ile chembe ya mayai viza kwa bomba jembamba. Mimi nilikaa katikati kama mama mwenye mapacha.

Kuna jambo moja kuhusu hewa hiyo ambalo nililisoma, nikalielewa, nikafaulu na mtihani wake. Pua inaizoea. Siku ya kwanza unaisikia mpaka machozi yanakutoka, baadaye unaisikia kidogo, mwisho pua inachoka kukwambia, inanyamaza. Nililijua hilo vizuri sana. Ila kulijua jambo na kulikumbuka siku unayolihitaji, jamani, ni vitu viwili.

Mchumba wangu alikuja kutengeneza friji ya maabara. Fundi wa mafriji, Mnyakyusa, mrefu, mpole, na ana mafua ya kudumu. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita ilishamharibia pua tangu utotoni, na pua yake ilikuwa imebaki pambo tu la uso. Watu wengine wote walisimama mlangoni wakaniita nje kwa ishara. Yeye aliingia, akavuta stuli, akakaa karibu yangu kabisa, akauliza, "Dada, hawa wadudu unawalisha nini?" Nilimpenda pale pale. Nidanganye ya nini?

Kisha kukawa na habari ya kope. Ukitaka kujua kama mnyoo yu hai au amekufa lazima umguse, na ukimgusa kwa sindano umemtoboa. Tunatumia unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti cha kuchokolea meno. Kope zangu ni fupi, hazifai. Nikawa nalalamika tu, sina maana yoyote, yeye akasema, "Si uchukue zangu." Akang'oa moja hapo hapo, machozi yakamchuruzika, akanikabidhi kwenye kipande cha karatasi. Wenzangu wanavishwa pete hotelini, wanapigwa picha. Mimi nilipewa kope, na nilitembea kutoka chuoni mpaka Soweto nikicheka peke yangu barabarani.

Lazima niseme na jambo jingine, ndipo utanielewa. Baba yangu alikufa kabla sijajua kuongea. Mjomba alikuwa mjomba, mwalimu alikuwa mwalimu, na mimi nilikua nikaota mvi moja ya mapema bila kumwita mtu yeyote baba kwa kinywa changu. Kwa hiyo mchumba aliponiambia kwao baba yupo, mzima, ana migomba na kahawa yake njia ya Tukuyu, moyo wangu ulifanya utoto. Ulianza mazoezi. Nilikuwa nafua nguo uani huku nasema, "Shikamoo, baba. Karibu chai, baba. Baba, mvua inakuja." Nilikuwa nalitaka hilo neno kuliko nilivyoitaka shahada.

"Tatizo," akasema mchumba wangu siku moja, anakuna kisogo, "ni kwamba hutaruhusiwa kumwona."

"Kumwona nani?"

"Baba."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawakutani njiani, hawakai chumba kimoja, hawaongei. Siyo chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Familia nyingi siku hizi zimeshaacha, wanapeana mikono kanisani na kupiga picha pamoja. Lakini mzee huyu alimwahidi mama yake kwamba kwenye boma lake haitaachwa, na hakuiacha. Alikuwa mstaarabu kwelikweli: kila anapokaribia kona alikohoa kwanza, ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Mke wa mwanawe mkubwa alikaa miaka kwenye boma lile na alimjua mzee kwa kikohozi na mabuti yake tu.

Basi nikapanda basi kwenda Iringa kumpa mama habari. Tulipofika Nyololo basi likasimama, upepo wa madirishani ukakata, wauzaji wakaja madirishani na mahindi ya kuchemsha, na kijana mmoja akapanda na ndoo ya mayai. Ee Mungu wangu! Abiria wote walimgeukia. "Wewe! Mayai gani hayo umetuletea?" "Shuka, shuka, unatuua!" Maskini alivunja moja mbele yao, zima, jeupe, linatoa mvuke, akalila lote kuthibitisha. Hawakumwamini. Nami nilikuwa mstari wa mbele wa kumzomea, nasema biashara bila uaminifu ndiyo inayorudisha nchi nyuma.

Mama alinifumbua macho. "Kamwene," akanisalimu Kihehe mlangoni, mikono imenyooka kunikumbatia, halafu mikono ikabaki hewani. Akarudi hatua. "Mwanangu, umelala kwenye kiota?" Alinichemshia majani ya mlimao na ya mkaratusi, akaniogesha mwenyewe kama mtoto, akinisugua mgongo kwa hasira. Nilirudi Mbeya nanuka mayai viza yaliyoungwa kwa limau.

Ndipo ikaja siku ya kwenda ukweni kwa mara ya kwanza. Kabla ya watu wao kwenda Iringa kuposa rasmi, mama mkwe alitaka kuniona nikimenya ndizi. Huyu mama! Mfupi, mnene, anacheka mpaka anashika ukuta. Alinipenda kwa macho, kisha pua yake ikamwambia jambo, akanyamaza kwa adabu, akanikalisha karibu na moshi. Nilikuwa namenya ndizi vizuri tu, nikasikia nje: "Khoo! Khoo!"

"Kimbia!" mama mkwe akaninong'oneza. "Anakuja!"

Nikimbilie wapi? Boma silijui. Nikatoka mbio na kisu mkononi, nikaingia mlango wa kwanza niliouona, nao ulikuwa stoo, na stoo ndiko mzee alikokuwa anakwenda kuchukua jembe. Ndani kulikuwa na giza, magunia na kuku mmoja mwekundu aliyetoka kutaga na kuanza kuatamia. Nikasikia mabuti mlangoni. Nikaupa mlango mgongo, nikajifunika khanga kichwani, nikazika uso kwenye gunia la maharage, nikaacha kupumua. Mabuti yakasimama. Pua ikavuta hewa mara moja, kwa nguvu. Kisha mabuti yakarudi nyuma, na sauti nzito ikasema uani, "Mama, mayai ya kuku wako yameharibika yote. Katupe."

Mama mkwe akaja, akamnyanyua kuku kelele juu, akayatoa mayai. Kwa kuhakikisha akavunja moja kwenye bakuli. Zima. La pili, zima, kiini cha njano kinang'aa. La tatu, zima. Tukatazamana. Akanisogelea, akaninusa shingoni taratibu, kisha akakaa chini kabisa sakafuni, akacheka mpaka akatoa ushungi kujifuta macho. Yale matatu tukayakaanga, tukala ushahidi. Mengine akamrudishia kuku, lakini kuku alishanijua adui yake ni nani. Kuanzia siku ile alinifuata kila nilikokwenda kwenye boma lile, akinitazama kwa jicho moja.

Kicheko hakikufika mbali. Mchumba wangu, kwa unyoofu wake, alikwenda kumweleza baba yake ukweli: hayakuwa mayai, alikuwa mkwe wako mtarajiwa, anafuga minyoo kwenye hewa ya sumu. Hebu isikilize sentensi hiyo kwa masikio ya mzee wa migombani! Mzee hakufoka. Alisema tu kwamba hatatuma watu Iringa mpaka aelewe. Hewa inayonuka hivyo itamwacha binti mzima? Itamwachia mapafu? Atalea watoto? Na kama ni ugonjwa, kwa nini wanauita kazi? Maswali yenyewe yalikuwa ya haki, hicho ndicho kilichoniuma. Mchumba alijaribu kuyajibu akayaharibu zaidi, maana yeye anajua mafriji. Wa kuyajibu nilikuwa mimi, na mimi sikuruhusiwa kufungua mdomo mbele ya mzee.

Nililia nikiwa kwenye migomba. Nililia kweli, kwa sauti. Neno langu nililolifanyia mazoezi miezi yote lilikuwa linaniponyoka, na mwenye kulishika alikuwa ng'ambo ya ua wa matete hatua chache tu.

Mama mkwe ndiye aliyeokoa jahazi. Akaja, akanishika bega. "Mwanangu, hata mimi nilikuwa na baba mkwe. Kulipokuwa na neno zito, mbwa ameingia shambani, moto umewaka, unadhani tulinyamaza? Unaongea na kuku. Yeye huko anaongea na mbwa. Wao wawili wakielewana, kosa liko wapi?"

Basi nikaketi upande wangu wa ua, kuku mwekundu mbele yangu, ananitazama kwa chuki. Upande wa pili nikasikia kigoda kikivutwa, na mkia wa mbwa ukipiga chini.

"Kuku," nikaanza, "mimi si mgonjwa."

Ile sauti ikajibu: "We mbwa. Hebu mwulize kuku, hiyo hewa ni sumu au si sumu?"

"Kuku, ikizidi ni sumu. Sitaki kukudanganya. Inaua. Lakini ikiwa chembe tu, mwili unashtuka kidogo, kama unavyonawa maji ya bomba asubuhi mwezi wa sita. Unaamka. Unaanza kujikarabati kabla shida haijaja. Shida ikija kweli, joto kali kwa mfano, inakukuta uko tayari."

"Mbwa, hilo la maji ya baridi nimelielewa. Mwulize kuku: sasa mtu akajitie sumu makusudi?"

"Hapana, kuku! Mwili wenyewe unaitengeneza. Kila mtu, ndani mwake, anatengeneza kidogo kila siku. Kitunguu saumu nacho kinausaidia mwili kuitengeneza."

Kigoda kikalia. "Ina maana hata mimi... yaani hata wewe mbwa, ndani unanuka?"

"Kidogo sana, kuku. Hakuna anayesikia."

Nikasikia kitu kama kikohozi, lakini si kikohozi. Mzee alikuwa anacheka puani. Kisha akamweleza mbwa habari ndefu ya ujana wake. Aliwahi kwenda na wenzake kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto kule bondeni Songwe, na kuna mahali maji yalinuka hivi hivi, na wenzake walikuwa wanasema yanaondoa uzee. "Mwulize kuku basi. Na magoti ya wazee, hiyo hewa inayaponya?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Wallahi nilitamani, ndiyo ilikuwa mdomoni kabisa. "Kuku," nikasema, "kwa minyoo tunaona. Kwa watu bado hatujui. Nikisema najua nitakuwa mwongo."

Mbwa akapiga mkia. "Mbwa," akasema mwishoni, "mwambie kuku, minyoo wakitoa jibu, na mimi nitatoa jibu." Mabuti yakaondoka.

Wee! Hivi kuna mwanafunzi mwingine duniani ambaye ndoa yake ilikuwa ndani ya visahani vya minyoo? Nilirudi Mbeya nikawalea wale minyoo kwa mapenzi ya kutisha. Nikawaimbia. Siku ya kuwapandishia joto ilipokaribia, nikafungua sanduku la mapacha wangu wa mayai, nikaweka jicho kwenye hadubini, nikamgusa mmoja kwa kope ya mchumba. Kimya. Wa pili kimya. Wote. Hata joto lenyewe sijawapa. Walikuwa wamekufa, wamenyooka kama vipande vya uzi. Na kwenye sanduku la hewa ya kawaida, wenzao walikuwa wanacheza tu, hawana habari.

Nilikwenda ukweni Jumamosi kumwambia kuku ukweli. Njiani nilifikiri niseme bado wanakua, niseme umeme ulikatika. Sikuweza, nilishamwambia kuku kwamba mimi si mwongo. Nikakaa kwenye ua wangu na macho yamevimba. Kabla sijafungua mdomo, upande wa pili mzee akakohoa, safari hii si kwa adabu, alikuwa anapaliwa hasa.

"Mbwa! Leo imezidi! Siku ile lilikuwa yai, leo ni banda zima! Mwulize kuku amefanya nini, hata nyuki wangu wamehama!"

Nikajinusa mkono. Sikusikia kitu. Nikanusa khanga, nywele, mkoba. Hakuna kitu kabisa, harufu ya sabuni tu. Pua yangu ilishanyamaza zamani. Nilikuwa naingia maabara kila siku naitegemea pua iliyokufa, na kile kifaa cha kutoa kengele kilikuwa kimeisha betri, tukasema tutanunua, tukasema tutanunua. Hewa ilikuwa inavuja. Minyoo wangu haikuwaua ile chembe, iliwaua hewa iliyozidi, na mimi nilikuwa nimekaa humo humo naimba.

"Kuku," nikasema, na sijui kama nilikuwa nacheka au nalia, "mwambie mbwa ahsante. Mwambie ameniokoa roho." Nikaondoka mbio, hata ndizi sikumenya.

Mchumba wangu alipaka povu la sabuni kwenye bomba zima kama anavyofanya kwenye mafriji, na kwenye koki ya kupunguza hewa povu likaanza kutoa mapovu makubwa ya furaha. Mpira wa koki ulikuwa umepasuka, hewa ikimiminika sandukuni na nyingine ikitoka nje. Msimamizi alinigombeza mpaka nikajiona mfupi, akamgombeza na aliyepaswa kununua betri, akajigombeza na mwenyewe. Betri zikanunuliwa siku hiyo hiyo. Ila mimi nilikuwa na kipimo changu kingine. Kila nilipokwenda kule nilikaa kwenye ua, nikangoja. "Mbwa, mwambie kuku leo yuko sawa. Kayai kadogo tu." Kama sikwenda, mama mkwe alinipigia simu kuuliza naendeleaje, na nyuma yake nasikia sauti nzito, "Mwulize kuku kama mpira umebana."

Sijui lini hasa nilianza kumpenda yule mzee. Nilikuwa sijauona hata uso wake. Nilijua mabuti, buti la kushoto limeshonwa kwa waya, na kile kikohozi, na jinsi alivyomkemea mbwa kila alipotaka kunikemea mimi. Nilimpenda, basi. Ila alikuwa wa mbwa na kuku. Mimi mwenyewe hakuwahi kuniambia hata neno moja, na nilijua huenda hataniambia mpaka tuzikane.

Minyoo wapya wakakua. Siku ya joto ikafika. Nikawaweka wote kwenye kabati la moto, wa sanduku hili na wa sanduku lile, nikakaa nje ya mlango nikihesabu dakika. Nikawatoa. Nikaanza na wale wa hewa ya kawaida. Nikamgusa mmoja kwa kope: hakuna. Mwingine: hakuna. Mmoja mmoja alitikisa mkia, basi. Nikahamia kwa wale wa mayai viza. Nikamgusa wa kwanza, naye akageuza kichwa, taratibu, kwa madaha, kama mtu aliyeamshwa usingizini akauliza kuna nini. Wa pili akajipinda. Wa tatu akaondoka zake kabisa! Nilipiga yowe. Msimamizi alikuja mbio akidhani mpira umepasuka tena, akainama kwenye hadubini, akatazama, na kile kicheko chake cha nadra kikatoka chote kwa mara moja mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuona.

Nikatoka koridoni na simu. "Mama! Mama, mwambie kuku!"

"Kuku yuko hapa miguuni!"

"Mwambie wako hai! Wamevumilia joto! Mwambie mbwa!"

Nikasikia makelele, vicheko, kuku akilalamika. Kisha mama mkwe akarudi, pumzi zimemwishia. "Mbwa anauliza, wote?"

"Si wote. Wengi."

"Mbwa anasema hilo 'si wote' ndilo linamfanya aamini."

Watu wakatumwa Iringa. Mzee mwenyewe hakuja, mila haikumruhusu, alimtuma kaka yake na maneno yake. Nyumbani kwetu wajomba zangu wamekaa na makoti, mama anapita na chai, mimi nimejificha chumbani na sikio mlangoni. Mshenga wao akasimama, akakohoa, akasema kwa heshima zote: "Kaka yangu amenituma niseme, yeye binafsi hana neno. Mbwa ameshakubali."

Jamani! Wamwambie hivyo Mhehe, nyumbani kwake, kwenye posa! Nchi nzima inatutania sisi kwa mbwa, eti ni kitoweo chetu, kila Mtanzania anaujua huo utani, sina haja ya kuurefusha hapa. Mjomba mkubwa akaweka kikombe chini. "Mbwa gani?" akauliza polepole. Mjomba mdogo akasimama kabisa, anatafuta fimbo yake. Nilitoka chumbani bila ruhusa, mkwe mtarajiwa mzima, nikapiga magoti katikati ya wanaume, nikaeleza yote: minyoo, gunia la maharage, ua, kuku. Nilipofika kwenye mayai tuliyoyakaanga, mjomba mkubwa alianza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akakohoa, na akasema mbwa mwenye akili kiasi hicho yeye hawezi kumkatalia. Tukaolewa, yaani nikaolewa.

Miezi ikapita. Nikamaliza kazi, nikatetea tasnifu, msimamizi akafunga mtungi, minyoo wakapewa mwanafunzi mwingine. Nikakaa Soweto na mume wangu, nikiandika maandishi yangu, na sikufikiria kabisa kwamba kuna kitu kilikuwa kinaniondoka. Siku tuliyokwenda kuwasalimu wazee, niliteremka mapema, nikampita mume wangu aliyekuwa anashusha mizigo, nikazunguka kona ya nyumba kwenda jikoni. Mzee naye alikuwa anazunguka kona ile ile. Hakukohoa, kwa sababu hakuna kilichomwambia kwamba nipo.

Tukakutana uso kwa uso.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Uso mwembamba, ndevu nyeupe chache, na kope ndefu mno, kope zilezile za mwanawe. Nilitaka kukimbia, sikukimbia. Nikainamisha macho kwenye buti lenye waya. Nikangoja ageuke. Hakugeuka. Pua yake ikavuta hewa mara moja, mara ya pili, anatafuta. Nikamsikia akishusha pumzi, na sauti ikatoka, haikwenda kwa mbwa, ilikuja kwangu.

"Mwanangu," akasema, "mbona hunuki?"

Nikageuka kutafuta kuku. Hakuwepo. Hakukuwa na yeyote uani ila sisi wawili.

"Nimemaliza, baba," nikamwambia.